Mwenye Mikono

Wanawake wa Qollpani huonywa hivi:
ukiwa na mimba usishike pia ya kusokotea,
usisokote sufu, usikunje uzi kuwa donge;
kila mzunguko wa mkono wako
unajizungusha shingoni mwa mtoto.

Hilaria alisokota.
Mimba ya kwanza, alisokota akichunga lama,
alisokota akitembea, akingoja maji yachemke,
kwa kuwa blanketi halijifumi
na mgodi ulikuwa haujamlipa Celestino tangu Februari.
Mtoto akaja kimya, wa kiume,
kitovu kimemzunguka shingo mara moja.

Tomasa, mama mkwe, hakupiga kelele.
Aliitoa ile pia ukutani, akaitia motoni,
na tangu siku hiyo hakumwita mkwewe jina.
Alimwita: wewe, mwenye mikono.

Mimi sikuwepo. Nililetwa kituoni mwaka uliofuata
na sanduku la dawa, mizani,
na pembe ya mti ya kusikilizia moyo tumboni.
Siwezi kusema nini kilimuua yule.
Huenda kamba. Huenda siku mbili za uchungu
na lori la Uyuni lililokwama kwenye chumvi.
Katika daftari, aliyenitangulia aliandika neno moja: kitovu.
Ni neno fupi. Linaenea mstarini.

Mimba ya pili alikuja kwangu mikono mfukoni.
Miezi tisa hakugusa uzi.
Kifungo kikikatika, jirani alishona.
Aliacha hata kusuka nywele,
zikamwagika mgongoni kama za mfiwa.
Nikamwambia: kati ya watoto wanne, watano ninaowapokea,
mmoja huja na kamba shingoni,
na karibu wote hulia, hunyonya, huchafua nepi.
Sikumwambia haiui kamwe.
Alinitazama kama mtu anayetajiwa bei
ya kitu asichokusudia kununua.

Usiku wa Juni, maji yameganda ndooni.
Alichuchumaa juu ya ngozi ya kondoo,
Celestino nyuma yake amemshika makwapani,
Tomasa na taa.
Kichwa kikatoka. Nikapitisha kidole shingoni
kama nifanyavyo siku zote, na kidole kikakuta
kitu cha moto, kinene, kinachopiga.
Mara mbili.

"Kipo?" akauliza Hilaria.
Ningeweza kudanganya.
"Kipo. Usisukume."

Mzunguko wa kwanza ulikuwa legevu,
ukavuka kichwa kama skafu ya mtu aliyefika nyumbani.
Wa pili ulikaza.
Niliuvuta kidogo, upana wa ukucha,
nikangoja, upana wa ukucha tena,
hadi mabega yakapenya ndani yake.
Alikuwa na rangi ya kiazi kilicholala nje kwenye barafu.
Nikamsugua mgongo.
Nikamsugua.
Taa ilikuwa inatetemeka, na sikuwa mimi niliyeishika.
Kisha akalia, kwa hasira,
kama mchimbaji aliyeamshwa kabla ya zamu yake.

Hatukukata upesi. Kamba ililala tumboni mwa mama,
nyeupe na buluu, bado inapiga,
mishipa mitatu imesokotwa,
ndiyo, imesokotwa,
na hakuna mkono wa mtu ulioigusa.
Tomasa akasogeza taa.
Yeye aliyesokota miaka sitini aliitazama
jinsi fundi anavyotazama kazi ya fundi asiyemjua,
akaipitishia kidole.
"Hakushika hata sindano," akasema.
Hakutuambia sisi. Aliiambia kamba.

Sijui kama huko ni kuomba radhi.
Hilaria alikuwa amejiinamia, analia,
na jina alilolitaja halikuwa la huyu wa kifuani.
Fermín, alisema. Fermín.
Mwaka mzima na nusu nimemjua
na ndiyo kwanza nasikia kwamba alimpa jina.

Alfajiri nikafungua daftari:
Msichana. Kilo mbili na gramu mia nane.
Kitovu, mara mbili. Mzima. Mama hakusokota.
Mstari haukutosha.
Nikaendelea pembeni.